Gorogoro Tatu, Mkopaji Mmoja: Kwa Nini Alama za Mikopo Hutofautiana

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo iliwaonya watu juu ya furaha ya siku ya kupokea na majonzi ya siku ya kurudisha. Hata hivyo, katika zama hizi kumezuka jambo ambalo wahenga hawakulitungia methali. Kabla ya harusi yenyewe kufika, mkopaji hupimwa kwa mizani asiyoiona, na mpimaji asiyemjua, kisha akapewa tarakimu. Tarakimu hiyo yaweza kumfungulia mlango au kumfungia. La kustaajabisha zaidi ni kwamba akienda kupimwa kwingine siku iyo hiyo, aghalabu hupewa tarakimu nyingine.

Chukulia mhitimu aliyetoka chuoni miaka minne iliyopita. Anafundisha katika shule ya kibinafsi, ana akaunti ya benki, ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, na katika siku za dhiki amewahi kukopa kwa simu. Mikopo hiyo yote aliilipa, ingawa mara mbili alichelewa. Sasa anataka shilingi 300,000 anunue mashine za kuchapisha na kunakili, afungue duka karibu na kituo cha matatu. Anaomba ripoti kutoka shirika moja la kumbukumbu za mikopo, anapewa alama 640. Shirika la pili linampa 560. Anakwenda benki na ile ripoti nzuri mkononi, lakini benki inamjibu kwamba ombi lake halikufaulu. Wiki iyo hiyo chama chake kinamkopesha bila kumuuliza alama yoyote.

Mhitimu huyo ana haki ya kuuliza ni nani aliyesema kweli. Jibu lake, hata likionekana la ajabu, ni kwamba yamkini wote walisema kweli, kila mmoja kwa swali lake. Tofauti ya alama si kosa. Kosa ni siri inayoizunguka, na siri hiyo hukaza zaidi pale ambapo mkopaji anaelezwa mambo yake kwa lugha asiyoimudu, au haelezwi kabisa.

Orodha na alama

Kanuni za kwanza za mashirika ya kumbukumbu za mikopo nchini Kenya, yale yanayojulikana na wengi kwa herufi tatu za CRB, zilitolewa mwaka wa 2008. Shirika la kwanza lilipata leseni ya Benki Kuu mwaka wa 2010, la pili mwaka wa 2011 na la tatu mwaka wa 2015. Hayo ndiyo yanayojulikana leo kwa majina ya TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Mwanzoni, taarifa zilizopelekwa huko zilikuwa za ubaya peke yake: fulani hakulipa, fulani amechelewa. Ndipo kukazuka ile kauli ya mitaani kwamba mtu “yuko CRB”, ikiwa na maana kwamba ameharibikiwa. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli wakati huo. Lakini kanuni za mwaka wa 2013 ziliruhusu taarifa njema pia zipelekwe, na tangu hapo karibu kila mwenye mkopo wa benki yumo katika kumbukumbu hizo, awe mlipaji mwema au mkaidi. Kuwa CRB si aibu tena. Swali ni nini kilichoandikwa humo.

Hapa ndipo panapohitajika kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna orodha na kuna alama. Orodha ni taarifa ya tukio: mkopo fulani, wa taasisi fulani, haukulipwa kwa muda uliowekwa. Jambo hilo ama lilitokea ama halikutokea. Alama, kwa upande wake, ni makisio. Mtaalamu wa hesabu huchukua mambo yaliyopita ya watu wengi, akatafuta ni akina nani walioishia kushindwa kulipa, kisha akakadiria uwezekano wa mtu huyu mmoja kushindwa katika miezi ijayo. Makisio hayo ndiyo hugeuzwa kuwa tarakimu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba alama mbili zinapingana ni kama anayesema kwamba wazee wawili walioitazama mbingu asubuhi wamepingana kuhusu mvua ya jioni. Wanaweza kutofautiana pasipo hata mmoja wao kusema uongo.

Sababu za tofauti

Anayenunua mahindi sokoni anaijua gorogoro. Anajua pia kwamba ni sharti atazame kitako chake. Gorogoro iliyobonyezwa na ile nzima huitwa kwa jina moja, lakini hazibebi punje sawa. Muuzaji mmoja hufuta juu kwa kiganja, mwingine huacha kilima. Mteja mwenye busara haulizi bei tu, huuliza pia kipimo. Alama za mikopo zina gorogoro zake, na tofauti zake hutokana na mambo manne makuu.

La kwanza ni punje zenyewe, yaani taarifa. Shirika haliwezi kupima lisichopelekewa. Benki hulazimishwa na sheria kupeleka taarifa, lakini wakopeshaji wengine waliingia katika mfumo huo hatua kwa hatua, na baadhi yao waliwahi kutolewa. Mnamo Aprili 2020, kwa mfano, kanuni mpya ziliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na Benki Kuu kupeleka majina ya wadeni wao, na zikapiga marufuku kumworodhesha mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Ni kanuni za Machi 2022 zilizoanza kuwapa leseni wakopeshaji hao wa kidijitali. Isitoshe, wakati wa janga la korona serikali ilisimamisha uorodheshaji kwa miezi sita kuanzia Aprili 2020, kisha ikausimamisha tena kwa mwaka mmoja, kuanzia Oktoba 2021, kwa mikopo isiyozidi shilingi milioni 5. Kwa sababu hiyo, historia ya mkopaji wa miaka hiyo ina mapengo, na mapengo hayo huenda yasiwe mahali pamoja katika kila kumbukumbu.

La pili ni wakati. Mkopaji akilipa deni lake leo asubuhi, fedha hufika papo hapo, lakini taarifa ya malipo hayo haifiki kwa kila shirika papo hapo. Taasisi hukusanya taarifa zake na kuzituma kwa vipindi, nayo mashirika huziingiza kila moja kwa ratiba yake. Ripoti mbili zilizochapishwa saa moja zinaweza kuwa picha za siku mbili tofauti. Tena kuna suala la utambulisho. Jina lililoandikwa Wanjiku katika benki moja laweza kuandikwa Wanjiko katika nyingine. Nambari ya kitambulisho yaweza kukosewa tarakimu moja, na deni la mtu likaangukia faili la mwingine. Kosa likiwa katika faili la shirika moja peke yake, alama moja itaanguka na nyingine itabaki ilipokuwa.

La tatu ni fomula na kipimo. Kila shirika lina fomula yake na huilinda kama mpishi anavyolinda siri ya pilau yake. Moja huenda likampa uzito mkubwa anayelipa kwa wakati, jingine likatilia mkazo idadi ya mikopo aliyonayo mtu kwa mpigo, au idadi ya mara alizoomba mkopo hivi karibuni. Fauka ya hayo, tarakimu ya chini na ya juu hazifanani. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 na kufika 900. Tarakimu isiyoandamana na mwanzo na mwisho wake haina maana yoyote, sawa na mtu anayesema amepata 60 bila kusema ni 60 kati ya ngapi.

Marekani, nchi ambayo biashara hii ina umri mkubwa, inatoa ushahidi mzuri. Kampuni ya Fair Isaac ilianzishwa mwaka wa 1956 na waasisi wawili, Bill Fair na Earl Isaac, na mwaka wa 1989 ikaleta alama ya jumla inayoitwa FICO, ambayo huanzia 300 hadi 850. Kampuni hiyo imewahi kueleza hadharani kwamba asilimia 35 ya uzito wa alama yake hutokana na historia ya malipo, na asilimia 30 hutokana na kiasi cha madeni. Mwaka wa 2006, mashirika matatu makubwa ya kumbukumbu ya nchi hiyo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, yaliungana kuleta alama pinzani ya VantageScore, ambayo katika matoleo yake ya awali ilianzia 501 hadi 990. Hebu msomaji apime mwenyewe. Alama ya 640 katika kipimo cha kwanza imekwisha kupita katikati. Katika kipimo cha pili haijafika hata theluthi ya safari. Mtu ni yule yule, tarakimu ni ile ile, lakini hukumu ni mbili. Hatimaye, mwaka wa 2013, VantageScore ilihamia kipimo cha 300 hadi 850, bila shaka kwa kuwa watu walikuwa wamechoka kubahatisha.

La nne ni swali lenyewe. Uwezekano wa mtu kushindwa kulipa mkopo wa simu wa siku 30 si uwezekano wake wa kushindwa kulipa mkopo wa nyumba wa miaka 20. Fomula iliyoundwa kwa swali la kwanza haifai kujibu la pili. Ndiyo maana hata shirika moja laweza kuwa na alama zaidi ya moja kwa mtu mmoja, kila alama kwa mteja wake na kwa aina ya mkopo.

Mkopeshaji hutazama ipi?

Swali hili ndilo lenye uzito mkubwa kwa mkopaji, nalo ndilo linalojibiwa kwa nadra mno. Wengi hudhani kwamba kuna alama moja ya taifa iliyohifadhiwa mahali fulani, na kwamba mkopeshaji huibofya na kuisoma. Hali halisi ni kwamba kila mkopeshaji huchagua mizani yake.

Benki kwa kawaida huagiza ripoti kutoka shirika moja au zaidi, lakini haiishii hapo. Kwanza hutazama orodha: je, mwombaji ana deni lililolala? Kisha huweka alama ya shirika pamoja na yale ambayo benki yenyewe inayajua, kama vile mshahara unaopita katika akaunti, miaka ya ajira, aina ya mwajiri na makato yaliyopo. Mchanganyiko huo huzaa alama nyingine, ya ndani, ambayo mwombaji hataiona katika ripoti yoyote. Mhitimu wa mfano ulioanza makala haya alikwenda na 640 yake kana kwamba ni tiketi. Kumbe benki ilikuwa inasoma karatasi nyingine. Yamkini kilichomwangusha ni mkataba wa kazi wa mwaka mmoja mmoja, wala si alama hata kidogo.

Mikopo ya simu ina mizani yake. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 kwa ubia wa Safaricom na Benki ya Commercial Bank of Africa, wateja wengi hawakuwa na historia yoyote ya benki. Walipimwa kwa nyayo walizoziacha katika simu: muda wa kuwa na laini, ununuzi wa muda wa maongezi, na mienendo ya fedha katika M-Pesa. Fuliza iliyofuata Januari 2019 humpangia kila mteja kiwango chake. Baadhi ya programu za simu zilikwenda mbali zaidi, zikaomba ruhusa ya kusoma hata ujumbe mfupi wa mwenye simu. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilianza kwa kiwango cha kati ya shilingi 500 na shilingi 50,000, na anayekopa na kulipa humo hujijengea sifa ndani ya Hazina hiyo yenyewe. Mtu anaweza kuwa bingwa wa mkopo wa simu na akawa mgeni kabisa machoni pa benki.

Chama cha akiba na mikopo nacho kina hekima ya kizamani. Hutazama akiba ya mwanachama, na kwa kawaida humkopesha kwa kuzidisha akiba hiyo mara kadhaa, mara tatu likiwa ndilo zoea la wengi. Kisha humtaka alete wadhamini, watu wa damu na nyama wanaomjua na watakaokatwa mishahara yao akitoroka. Hapo uaminifu haupimwi kwa tarakimu, bali kwa macho ya wenzake. Ndiyo sababu mhitimu huyo huyo alikataliwa kwa jirani akakubaliwa nyumbani.

Wako wanaosema kwamba tiba ya vurugu hili ni kuwa na alama moja tu, itolewe na serikali au na Benki Kuu, wakopeshaji wote waifuate. Rai hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini ina hatari. Mizani ikiwa moja na ikakosea, aliyekosewa hana pa kukimbilia. Kwa miaka mingi wakopeshaji wa nyumba nchini Marekani wameagiza alama tatu kutoka mashirika matatu na kuifuata ile ya katikati, kwa kutambua kwamba shahidi mmoja hatoshi. Tofauti ya mizani humpa mkopaji nafasi ya rufaa, mradi tu ajue kwamba mizani ni zaidi ya moja, na aambiwe ni ipi iliyotumika.

Jambo hili si dogo, kwa kuwa alama haiamui tu nani apewe na nani anyimwe. Huamua pia bei. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria ya Kenya iliweka kikomo cha riba za benki, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kikomo kilipoondolewa, benki zikaelekea kumtoza kila mteja kulingana na hatari inayokisiwa kwake. Makisio yakikosewa, mtu hulipa riba ya mwenye deni baya ilhali yeye ni mlipaji mwema, na hulipa hivyo kwa miaka, mwezi baada ya mwezi, bila kujua kwa nini.

Mzigo wa lugha

Kiswahili hakikosi msamiati wa deni. Kilikuwa na mwia na mwiwa, dhamana na mdhamini, rehani, arubuni na amana karne nyingi kabla ya kuwepo kwa mashirika haya. Pamoja na utajiri huo, mkopaji wa Kenya hukubali masharti kwa kubofya kitufe chini ya kurasa za Kiingereza cha kisheria, na akikataliwa hupokea sentensi moja isiyomweleza neno. Mama muuza mboga anayeweza kukokotoa faida ya gunia zima la viazi kichwani huachwa gizani kwa sababu ya lugha tu. Kisha husemwa kwamba hana elimu ya fedha.

Hata neno “alama” lenyewe lina mtego unaostahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Kwa mwanafunzi, alama ni zile za mtihani. Mtahini amesahihisha, matokeo yametoka, nayo ni yale yale popote yatakaposomwa. Anayeielewa alama ya mkopo kwa maana hiyo ataikubali kama hukumu ya tabia yake, na akiiona ya chini atainamisha kichwa. Lakini neno hilo lina maana nyingine ya zamani: alama ni dalili, ni unyayo ulioachwa mchangani. Maana hii ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli. Unyayo huonyesha kwamba mtu alipita na alielekea wapi. Hausemi alikuwa anakwenda kuiba au kumwita mkunga. Vivyo hivyo kuna wanaoiita tarakimu hiyo “alama ya uaminifu”. Ni tafsiri tamu lakini ya hatari. Aliyechelewa kulipa kwa kuwa mwajiri wake hakumlipa mshahara si mtu asiyeaminika. Fomula haijui tofauti hiyo, na lugha isiisaidie kuificha.

Sheria yenyewe iko upande wa mkopaji. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa na huduma. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inamkinga mtu dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mitambo pekee. Kanuni za mashirika ya mikopo zinampa kila mtu ripoti moja bila malipo kila mwaka. Haki hizi zote zimeandikwa. Zilichokosa ni ulimi wa kuzisema mahali ambapo mkopaji anasikia.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, kila alama inayotolewa iandamane na mambo matatu: jina la aliyepima, mwanzo na mwisho wa kipimo, na tarehe ya taarifa zilizotumika. Pili, kila anayekataliwa aelezwe, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kama atakavyochagua, ni ripoti ya nani iliyotazamwa na ni jambo gani hasa lililomwangusha. Si lazima siri ya fomula itolewe, kwani mgonjwa huelezwa maradhi yake bila kufundishwa udaktari. Tatu, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziache kusubiri kuitwa. Kuandaa kijitabu cha istilahi za mikopo na mfano wa ripoti iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu ni kazi ya muhula mmoja kwa darasa moja la tafsiri, na faida yake itawafikia watu ambao tasnifu nyingi haziwafikii.

Hitimisho

Wanafunzi wa vyuo vikuu wana sababu ya kulijali suala hili kuliko wengi. Waliosomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, wawe wamepata kazi au la, na Bodi imewahi kupeleka majina ya wasiolipa kwa mashirika haya. Waajiri kadhaa nao wamewahi kudai cheti cha CRB kutoka kwa waombaji kazi. Hivyo kijana hukosa kazi kwa sababu ya deni, na hushindwa kulipa deni kwa sababu ya kukosa kazi. Mzunguko huo hauvunjwi kwa methali peke yake, ingawa ni kweli kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Lakini yapo yaliyo katika uwezo wa kila mmoja. Mhitimu aombe ripoti zake za bure, zote, kila mwaka, kabla hajauhitaji mkopo. Azilinganishe jina kwa jina, deni kwa deni, na asishtushwe na tofauti ya tarakimu, bali na tofauti ya taarifa. Tarakimu mbili zisizolingana huenda zisiwe na tatizo lolote, lakini deni lililoko katika ripoti moja na halimo katika nyingine lina maelezo yake, na maelezo hayo yafaa kudaiwa kwa maandishi. Kisha, kabla ya kuomba mkopo, amuulize mkopeshaji swali ambalo wanunuzi wa mahindi hawaoni haya kuliuliza: unapima kwa gorogoro ipi?

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Giza hili lina watu walioshika taa, nao wanaombwa wawashe kwa lugha inayoeleweka.